Kupiga Kambi Peke Yangu Kutoka Nakivale Mpaka Mbarara

Neno "kambi" lina kazi nyingi katika Kiswahili. Iko kambi ya jeshi, iko kambi ya wavuvi, iko kambi ya skauti, na iko kambi ya wakimbizi. Nadhani wengi wenu, wasomaji wapenzi, mkisikia kwamba mtu amekwenda kupiga kambi, hufikiri habari za moto, nyimbo na viazi vya kuchoma. Kwetu Nakivale neno hilo halina nyimbo ndani yake. Serikali ya Uganda haipaiti mahali petu kambi, hupaita makazi, kwa sababu mtu hupewa kipande cha ardhi alime; hata hivyo wazee wetu wakiulizwa wanakaa wapi, hujibu "kambini" basi, na mazungumzo huishia hapo.

Kwa wale wasiopajua, Nakivale iko katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi ya Uganda, yapata kilomita 60 kutoka mji wa Mbarara, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Makazi yalifunguliwa mwaka 1958, na muda si muda yakapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Tangu hapo kila vita ya jirani imetuletea wageni wake: Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Sasa tumekwisha kupita watu laki moja. Mtu akitaka kununua chumvi sokoni yampasa ajue kusalimu kwa lugha tatu au nne, na Kiswahili ndicho kinachotuokoa sote. Mimi nilizaliwa hapo hapo mwaka 2009. Wazazi wangu walitoka Kiwanja, karibu na Rutshuru, katika Kongo.

Fikira ya safari yangu ilitoka kitabuni. Katika maktaba ya shule yetu mna kitabu cha jiografia chenye picha za nchi kavu ya Arizona, huko Marekani, ambako mto Colorado umechimba korongo lenye urefu wa kilomita 446, na penginepo kina chake kinapita kilomita moja na nusu. Katika picha moja mtu amesimama peke yake ukingoni, mzigo mgongoni, na hema limekunjwa juu ya mzigo. Maelezo yanasema kwamba watu huja kutoka mbali, huacha motokaa zao juu, hushuka korongoni kwa miguu, hulala huko siku kadhaa, kisha hurudi makwao kazini.

Likizo ya Agosti nilikichukua kitabu kile nyumbani, nikamwonyesha mama. Aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Huyu amefukuzwa na nani?"

Nikamwambia kwamba hakufukuzwa na mtu, anatembea kwa kupenda kwake.

"Ana nyumba?"

"Bila shaka anayo, mama."

"Basi mbona analala nje?"

Sikuwa na jibu la kumtosha. Nikamweleza tu mpango wangu, nao ulikuwa mdogo sana ukilinganishwa na safari za watu wa Arizona. Muhula wa tatu ulikuwa umekaribia. Desturi yangu ni kwenda Mbarara kwa taksi, nimebanwa katikati ya abiria, na sanduku langu la bati limefungwa juu. Safari hii nilitaka sanduku litangulie na kondakta tunayemfahamu, nami nifuate kwa miguu siku tatu, nikilala njiani usiku mara mbili. Nauli ingebaki, na hilo si jambo dogo, maana mgao wa chakula ulipunguzwa kwa asilimia 30 mwaka 2020, na tangu hapo umepunguzwa tena. Lakini sitaki kuwadanganya kwamba nilikwenda kwa ajili ya nauli. Nilikwenda kwa sababu ya picha ile.

Mama alikataa siku nne. Hakugombana nami, alikataa kwa kunyamaza, jambo ambalo ni baya zaidi. Siku ya tano jioni, akiwa anachagua mawe katika maharagwe, alianza kusema mwenyewe. Nilikuwa nimekwisha kusikia vipande vipande vya habari ile, lakini sikuwahi kuisikia yote. Mwezi wa Oktoba mwaka 2008 vita ilipofika Rutshuru, baba alikuwa Goma kwa biashara. Mama akaondoka usiku pamoja na majirani, dada yangu mgongoni, mimi tumboni, wakashika njia ya Ishasha kwenye mpaka wa Uganda. Walitembea usiku, mchana wakalala vichakani. Baba hakumwona tena mpaka baada ya miezi minne, hapa Nakivale, mbele ya bomba la maji.

Alipomaliza habari akaanza kunifundisha, kana kwamba ruhusa alikwisha kunipa zamani. "Usilale bondeni, hata kama juu kuna upepo. Bondeni ndiko watu na wanyama wanakopita usiku. Viatu usivue mpaka umejua utaondokea njia gani. Maji usiyamalize hata kama unaona mto mbele. Na moto, ukiwasha, uuchimbie shimo, usionekane na mtu."

Hapo akanyamaza. Nikamwambia, "Mama, mimi nataka uonekane."

Tukakubaliana hivi: usiku wa kwanza nitalala juu ya mlima ambao toka nyumbani kwetu unaonekana vizuri, na ikifika saa mbili nitawasha tochi mara tatu. Moto wenyewe nisiwashe kabisa, kwa kuwa nyasi za mwezi wa Agosti hushika haraka, na mlima ukiungua utasemwa umechomwa na mkimbizi. Kisha akaingia ndani akaniletea turubai jeupe lenye maandishi ya buluu. Si lile alilopewa mwaka 2008, maana hilo lilioza zamani. Hili ni la baadaye, na kazi yake siku hizi ni kuanikia mihogo.

Sasa niwape habari za mzigo, kwani najua wenzangu wataniuliza. Maji lita tano, nayo ndiyo yaliyokuwa mazito kuliko vyote. Unga wa mahindi uliokwisha kukaangwa, wa kukoroga na maji bila moto. Karanga, mayai manne ya kuchemsha, chumvi, blanketi moja, kamba ya mita sita, tochi, soksi mbili, na simu niliyoizima kusudi nisimalize moto wake. Panga niliacha. Mgeni mwenye panga hakaribishwi upesi. Nilichukua kitambulisho changu cha ukimbizi na karatasi ya shule. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 yaturuhusu wakimbizi kwenda huku na huku nchini, lakini si kila mgambo wa njiani aliyeisoma sheria hiyo, na karatasi yenye mhuri huwa yasomeka vizuri zaidi.

Niliondoka alfajiri. Nchi ya pale ni sehemu ya ukanda mkavu wa wafugaji, unaoanzia huku Ankole na kukata Uganda mpaka Karamoja. Mwezi wa Agosti huwa ni vumbi, vichuguu, migunga, na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu wakipita polepole kama watu wazima wanaotoka msikitini. Barabara niliifuata mpaka jua lilipopanda, kisha nikaiacha nikashika njia ya ng'ombe kuelekea vilimani. Huko ndiko nilikokuta makorongo yangu. Mvua kubwa zikinyesha, maji hushuka kwa nguvu katika njia za mifugo yakachimba ardhi, na mwaka baada ya mwaka mfereji huwa handaki, na handaki huwa korongo. Niliingia katika moja ambalo kuta zake zilikuwa mara mbili ya kimo changu. Udongo ulikuwa mwekundu juu, wa manjano katikati, na chini mawe meupe makali. Ndani hamkuwa na upepo hata kidogo. Nilitembea humo muda wa kama dakika kumi, nikafurahi mno, kisha nikakuta mifupa ya ndama na nikaona vyema nitoke.

Kupanda mlima kulinichukua saa tatu. Vilima vya Isingiro si virefu kama Rwenzori, lakini ubavu wao ni mawe matupu na nyasi, na kivuli hakuna. Nilikunywa maji kwa kipimo cha kifuniko. Alasiri nilifika kileleni, nikafunga kamba baina ya mti mmoja na jiwe, nikatandaza turubai juu yake, nikaweka mawe pembeni. Kazi yote ilikwisha kwa dakika kumi na tano. Kisha nikakaa kutazama.

Ziwa lilikuwa chini, limelala katikati ya vilima, na matete pembeni yake. Mwalimu wetu alitufundisha jambo moja kuhusu maziwa haya ambalo zamani nililiandika daftarini bila kuliona. Wataalamu wanaamini kwamba zamani sana mito ya sehemu hizi ilikuwa ikielekea magharibi. Kisha ardhi ya upande wa bonde la ufa ikainuka polepole, mito ikazuiliwa, na ikageuka kuelekea mashariki, upande wa Ziwa Victoria. Maji yaliyokosa njia yakajaa mabondeni, yakawa maziwa: Mburo, Nakivale, Kachera, Kijanebalola. Mto Rwizi, unaopita katika mji wa Mbarara, ndio unaoyalisha. Ukiwa juu ya mlima waweza kuona kwa macho kwamba ziwa letu si la mviringo, lina mikono mikono, kila mkono ukiingia katika bonde. Ni mto uliokwama. Nilizaliwa kando yake na sikuwahi kuuona hivyo, kwa kuwa sikuwahi kuutazama toka juu.

Jua lilikuchwa karibu saa moja. Nikala unga na yai. Upepo ukaanza, turubai likapiga kelele kama bati. Huko chini taa zikawaka, taa ndogo ndogo za nguvu ya jua, mamia kwa mamia, na kwa mara ya kwanza nikaona ukubwa wa makazi yetu. Saa mbili kamili nikainua tochi, nikawasha mara tatu. Sikuona kitu. Nikangoja, nikarudia. Nilijisemea kwamba katika taa zote zile mtu hawezi kuitambua ya mama yake. Mara taa moja kubwa, nyeupe kupita zote, ikawaka, ikazima, ikawaka tena, ikazima, ikawaka mara ya tatu. Baadaye nilijua kwamba alimwamsha jirani yetu wa bodaboda, akamfanya aielekeze pikipiki mlimani.

Usiku ule sikulala sana. Fisi alilia mbali, upande wa hifadhi ya Mburo, na kila jani lililoanguka lilikuwa chui. Nilivua viatu nikavivaa tena mara mbili. Nyota ya Nge ilikuwa juu upande wa kusini, na Njia ya Maziwa ilikuwa wazi kabisa, jambo ambalo huku Mbarara kwa sababu ya taa za mji hatulioni. Baada ya saa sita ya usiku Kilimia kikachomoza mashariki. Baridi ilinijia toka chini, katika mawe, si toka hewani. Ndipo nilipopata nusu ya jibu la swali la mama. Niliogopa, lakini hofu ile ilikuwa na mlango. Nikitaka, ninakunja turubai na kushuka. Nyumbani kuna kitanda, na mtu mwenye taa anajua niko wapi. Yeye mwaka 2008 hakuwa na mlango wowote. Mtu wa Arizona naye mlango wake ni ile motokaa aliyoiacha juu. Kwa hiyo mimi na mama tunalala chini ya turubai la aina moja, lakini hatulali mahali pamoja. Nusu ya pili ya jibu, yaani kwa nini mtu mwenye kitanda aone raha kukiacha, sijaipata mpaka leo, ila najua kwamba raha ipo.

Siku ya pili nilishuka upande wa pili wa mlima, nikaingia katika nchi ya migomba. Isingiro hulisha miji kwa matoke, na malori yanayokwenda Kampala hupakiwa kando ya barabara. Lakini nchi hii pia hukauka. Mwaka 2016 mvua zilikosa, migomba ikakauka imesimama, na njaa ikaingia katika nyumba za wenyeji. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini naikumbuka rangi ya majani.

Katika kituo kimoja cha biashara vijana wa bodaboda walinizunguka. Walitaka kujua nimetoroka shule gani. Nikasema sikutoroka, ndiyo kwanza ninakwenda. Wakacheka. Wakauliza kwa nini sipandi taksi. Nikasema ninapenda kutembea. Hapo hawakucheka tena, wakanitazama vingine, na mmoja akaenda kumwita mwenyekiti wa LC wa kijiji. Mwenyekiti alisoma karatasi yangu yote, na mhuri akausoma mara mbili, akaandika jina langu katika daftari lake. Kisha akasema jua limekwisha kushuka, hataki mgeni alale porini katika eneo lake, akanipeleka kwa mzee mmoja mwenye ua mpana.

Nilimsalimu mzee yule kwa Kinyankole, "Osiibire ota, tata?" Akaitikia vizuri. Lakini nilipomwomba kwa Kiswahili mahali pa kufunga turubai langu, uso wake ukabadilika. Akasema, "Hiyo ni lugha ya askari." Nikanyamaza, maana maneno hayo nimeyasikia mara nyingi huku, na yana sababu yake.

Tulipokwisha kula, akanieleza. Mwaka 1979 alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Mwezi wa Februari jeshi la Tanzania liliuteka mji wa Mbarara katika vita ya kumwondoa Idi Amin, na majengo mengi ya mji yakabomolewa. Askari wa Tanzania walipiga kambi shambani kwa baba yake. Kiswahili chote alichonacho amekipata siku zile, akanihesabia kwa vidole: simama, mikono juu, lala chini, leta maji. Akanyamaza kidogo, akaongeza mengine: karibu chakula, pole mama, kesho tunaondoka. Kabla ya hapo, akasema, askari wa Amin nao walitumia Kiswahili, ila hao hawakuwa na maneno ya fungu la pili.

"Na wewe, mwana wangye," akauliza, "umekuja kupiga kambi shambani kwangu?"

Nikasema, "Ndiyo, mzee. Kesho ninaondoka."

Alicheka mpaka akafuta macho, akaita watu wa nyumbani wasikie. Usiku ule nililala chini ya turubai langu kama nilivyotaka, ingawa mkewe alinisihi niingie ndani na aliona ni aibu mgeni kulala uani. Asubuhi alinipa kikombe cha maziwa yenye harufu ya moshi, kwa kuwa Wanyankole hufukiza vyombo vyao kwa majani kabla ya kutia maziwa. Mwenye kuzoea maziwa ya dukani hatapenda mara ya kwanza. Mimi nilikunywa vikombe viwili.

Siku ya tatu haina mengi. Nilipita Kaberebere, nikafuata lami, na lami ni adui wa miguu kuliko mawe. Lengelenge lilitoka kisigino cha kushoto. Magari yalipita karibu, kila dereva wa taksi akipiga honi akidhani ninamngoja yeye. Kidogo kidogo nyumba zikaongezeka, mlima wa Nyamitanga na kanisa lake kuu ukaonekana, na alasiri nikafika daraja la Rwizi.

Nilitua mzigo nikatazama maji. Wenyeji wasema jina la Mbarara limetokana na nyasi ziitwazo emburara, zilizokuwa zimejaa hapa kabla ya mji. Sasa ni jiji tangu Julai 2020, na linakunywa maji ya mto huu huu. Kiangazi kile maji yalikuwa machache, ya rangi ya chai, yakipita polepole baina ya taka na matete. Watu wamelima mpaka ukingoni, wengine huchimba mchanga, na vinamasi vya huko juu vilivyokuwa vikihifadhi maji vimegeuzwa mashamba. Nilikuwa nimetoka kuliona ziwa letu toka juu siku mbili kabla, nikajua kwamba maji haya machache ndiyo yanayokwenda kulijaza. Nilihesabu mitungi ya watu waliokuwa wakichota pale chini ya daraja: ilikuwa thelathini na mmoja.

Sanduku langu nililikuta shuleni, limefika salama. Nikawasha simu, mama akapiga kabla sijampigia. Aliuliza habari za kisigino, akauliza mzee alinipa nini nile, kisha akataka turubai lake. Nililiosha, nikalianika katika waya wa nguo nyuma ya bweni, na Jumamosi nikampa kondakta alirudishe Nakivale. Kamba nimebaki nayo. Katika likizo ya Desemba, mama akikubali, nataka kuufuata Rwizi upande wa juu, kuelekea vilima vya Buhweju unakoanzia, nami nimekwisha kuanza kutafuta ramani.